Springi Nyepesi

Meza ya kulia ilikuwa imegeuka karakana. Sahani zilihamia juu ya friji, na mahali pake pakakaa chuma cha kulehemu, pampu ya kufyonzea risasi ya kulehemia, vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na kikopo cha grisi ambacho wifi, mke wa fundi mwenyewe, alisema ipo siku mtu atakipaka kwenye mkate.

"Mimi nimeolewa na gereji," alisema, akipita na beseni la nguo. "Kitasa cha chooni kinaning'inia tangu harusi, lakini kibodi ya dada mtu imepakwa grisi mpaka masikioni."

Fundi, mume wake, alicheka bila kuinua uso. Dada yake Fundi naye akacheka, maana asingecheka angeulizwa ana nini.

Huyu dada alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili tangu ujana wake. Kisha kiharusi kikampitia upande wa kulia. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi, Mungu ashukuriwe, lakini mkono ulirudi nusu. Kidole cha pete na cha mwisho vililala vikagoma kuamka. Aliporejea kazini, kibodi ya ofisini ilikuwa ngumu, mkono ukawa unachoka kabla ukurasa haujaisha. Wakili, kwa adabu zake zote, alimwambia akapumzike, kisha Jumatatu fulani aje achape ukurasa mzima wa hati mbele yake. Ukitoka safi, kazi yake ipo. Usipotoka, yupo binti ambaye ameshakikalia kiti.

Ndipo mdogo wake, aliyezoea kufufua redio na simu, akasema atamuundia kibodi ya mkono wake mwenyewe. Alifungua swichi iliyo chini ya kila herufi, moja moja, akatoa springi zilizokuja nazo, akatia nyepesi kuliko zote alizozipata, akapaka grisi kwa kibrashi, akafunga, akazilehemu kwenye bodi, kibao chenye njia za shaba. Zipo kibodi ambazo swichi zake huchomolewa kwa mkono kama jino bovu, lakini hizo hakuzitaka. Kilicholehemiwa hakiyumbi, alisema.

Ijumaa akamkalisha dada yake mezani. Mstari ukatoka safi, hauna kosa hata la nukta. Fundi akampigia makofi, akamwita mkewe aje aone. Hakuona kwamba dada alikuwa ameuinua mkono wote kuanzia begani, ukaelea juu ya herufi kama wa mtu anayeogopa sufuria ya moto. Walipotoka aliushusha ukae unavyokaa siku zote. Vile vidole viwili vikazilalia herufi, na springi nyepesi hazikuvihimili. Neno "mdai" likaota mkia: mdailllllll. Akafuta, akachapa tena. Likaota mkia mrefu zaidi.

Hapo akaelewa kilichowapita wote wawili. Mkono dhaifu haushindwi kubonyeza tu, unashindwa pia kujiinua. Walikuwa wamevihurumia vidole viwili vigonjwa kwa dawa iliyovifaa vile vitatu vizima.

Angemwambiaje? Kijana wa watu alikuwa ameacha kazi za wateja, macho yamemwiva kwa moshi wa risasi. Usiku huo dada alipiga magoti akamwomba Mungu ampe nguvu za bega, bega livumilie ukurasa mmoja tu. Katikati ya sala akanyamaza. Aliona haya, kwa kuwa alikuwa anamwomba Mungu amsaidie kudanganya.

Jumapili, waliporudi kutoka ibadani, alimwita mdogo wake, akaketi, akaushusha mkono mbele ya macho yake. Mkia ukaota.

Fundi alitazama kioo cha kompyuta, akatazama mkono. "Ijumaa ilitoka safi."

"Ijumaa nilikudanganya, mdogo wangu."

"Mimi nilimwona," wifi akadakia, akikunja shuka. "Bega lilikuwa linatetemeka kama la mbeba saruji. Nikasema ndugu hao, wewe mke wa mtu nyamaza."

Fundi hakucheka. Alisema angeambiwa Ijumaa angekuwa na siku mbili, na sasa kuzing'oa swichi zote kwa moto ni kuichoma bodi yenyewe. Dada akamjibu kwa upole kwamba hakutaka zote. Azirudishie springi ngumu zile tu zilizo chini ya vidole viwili. Herufi zake zitapigwa na kidole cha kati.

"Na hivi viwili vitafanya nini?"

"Viache viwe abiria."

Fundi akaanza kazi. Alipasha chuma, akayeyusha risasi, akaivuta kwa pampu, swichi ikatoka. Nyingine ikatoka. Kwenye P alikandamiza chuma kwa muda mrefu mno, hasira zikiwa mkononi, na kipande cha shaba kikabanduka pamoja na risasi kama ngozi ya kidonda. Herufi ikafa. Fundi alivuta pumzi, akatafuta waya mwembamba kama unywele, akajenga daraja kupita palipobanduka. P ikaamka.

Jumatatu yule binti alisimama akampisha kiti, akabaki karibu na dirisha akishika pochi yake. Dada akachapa. Abiria walitulia kwenye springi zao ngumu, kidole cha kati kikawafanyia kazi. Hakuna neno lililoota mkia. Lakini wakili alitazama saa ya ukutani, kisha akaitazama tena.

Alipousoma ukurasa alisema ni safi kabisa. "Ila kasi, mama, si ile tuliyoizoea." Barua za asubuhi angezichapa dada, na hati ndefu zibaki kwa binti. Mshahara ungefuata kazi. Dada alisema ahsante, maana nusu ya kitu si haba, akatoka hadi ukumbini.

Fundi alipiga simu mapema. "Vipi, dada?"

Ulimi ulimwasha kusema vizuri sana. Akameza mate. Akamweleza kuhusu barua, kuhusu binti, kuhusu saa ya ukutani.

"Na P inakwama mara moja moja," akamalizia.

Upande wa pili kilisikika chuma kikiwekwa mezani.

"Ilete jioni," Fundi akasema.