Nyasi za Ndani ya Uzio

Vituo vitatu vya utafiti wa malisho, kila kimoja katika nchi yake, viliwekeana mkataba. Kila kituo kizungushie uzio ekari nne za nyasi, na kwa miaka minne asiingie mnyama hata mmoja. Nje ya uzio ng'ombe waendelee kula kama kawaida. Mwishoni nyasi za ndani zilinganishwe na za nje, na hesabu za vituo vyote zijumlishwe. Kituo kimoja kikiharibu, vyote vimeharibu.

Mlinzi wa uzio wa kituo cha tatu walimwita Kufuli, na jina hilo alilipenda. Ndiye pia aliyepima. Kila mwezi alirusha fremu ya chuma mara kumi na mbili, akakata kwa mkasi kila jani lililokuwa ndani ya fremu, akalikausha kwenye tanuri siku mbili, akapima, akaandika. Daktari, mwanamke aliyeongoza utafiti, alikuwa amesema nyasi zikishapimwa zitupwe. Kufuli alizichoma. Kuzichoma ilikuwa fikra yake mwenyewe. Aliona kutupa ni uchafu.

Mwaka wa tatu mvua haikunyesha. Nje ya uzio ardhi ilibaki uchi kama kiganja. Ndani, nyasi kavu zilifika magotini. Mdogo wake Kufuli alikuwa mfugaji wa ng'ombe tisa. Kufikia mwezi wa nane alibakiwa na mmoja, jike jekundu lenye mimba ya miezi saba. Akamkokota hadi langoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usimsogeze kwenye waya."

"Hajasoma huyu, waya ataujulia wapi? Nifungulie saa moja tu. Kamba nitaishika mwenyewe."

"Haiwezekani."

"Watu husema ng'ombe wa maskini hazai. Wangu anataka kuzaa, wewe ndiye unayeng'ang'ania methali itimie?"

Vibarua wawili waliokuwa wakipaka nguzo rangi walicheka. Kufuli hakucheka.

"Basi nipe zile mnazozioka," mdogo wake akasema. "Zikishapimwa zina kazi gani tena? Zimeshafaulu mtihani, ziruhusu ziende nyumbani."

"Ni mali ya utafiti."

"Umemwuliza Daktari?"

"Nimwulize nini? Kazi yangu naijua."

Mdogo mtu akamtazama. Walikuwa na sura moja, hata masikio.

"Undugu ni kufaana, kaka. Sisi tumeambulia kufanana."

Kufuli akaenda nyuma ya tanuri kuchoma nyasi za mwezi ule. Moshi ulielekea langoni. Ng'ombe aliinua pua.

Siku ya tisa baada ya hapo, akikagua uzio asubuhi, Kufuli alimkuta ng'ombe huyo amekufa. Kipande cha kamba kilining'inia shingoni. Kichwa kilikuwa kimepenya kati ya waya wa pili na wa tatu, kiwiliwili kimebaki nje. Mbele ya pua, nyasi zilikuwa zimeliwa nusu duara, upana wa sinia. Mdogo wake alichuchumaa kando akimfukuzia nzi.

"Alikata kamba," alisema. "Alinishinda akili. Yeye hakuomba mtu."

Kufuli alisimama akiwaza mkataba. Asiingie mnyama. Je, kichwa ni mnyama? Akarudi stoo, akaja na mfuko wa karatasi. Akapiga magoti, akapanua taya za ng'ombe, akaingiza mkono hadi karibu na kiwiko, akavuta tonge la nyasi ambalo halijamezwa.

"Unafanya nini?"

"Hizi ni za ndani. Lazima ziingie kwenye hesabu."

"Hata za mdomoni, kaka?"

"Hata za mdomoni."

Akazisuuza mate, akazikausha, akazipima. Gramu arobaini na moja. Akaandika kwa wino: *Zimerejeshwa*.

Daktari alimsifu mbele ya wenzake wa vituo vile vingine. Walipobaki wawili alimwambia, "Lakini mzee, si ungempa mdogo wako zile za tanuri? Zilikuwa takataka tu."

"Hakuomba," Kufuli akajibu.

Miaka minne ilipotimia uzio uling'olewa. Daktari akamruhusu Kufuli kukata nyasi kadiri atakavyo, iwe asante ya kituo. Kufuli hakufuga hata kuku. Alifunga mzigo mkubwa, akaubeba kichwani hadi kwa mdogo wake, akautua mbele ya zizi. Zizi lilikuwa limegeuzwa mahali pa kuanikia nguo. Shemeji yake alimwona, akaokota beseni lake, akaingia ndani bila salamu.

Mdogo wake akatoka. Akauzunguka mzigo polepole, akaubonyeza kwa vidole kama mnunuzi.

"Umezipima?"

Kufuli alikuwa amezipima.

"Kilo thelathini na moja na nusu."

"Basi kazichome," mdogo wake akasema, na kufunga mlango.