Magunia ya Lene ya Hamadi

Hamadi akimaliza kazi moja ya kufuma, nyumba nzima hupata taabu mpaka aanze nyingine. Siku aliyompelekea Mama Germaine vitambaa vyake vya makochi, alirudi nyumbani mtaa wa Mangobo mikono mitupu, akakaa barazani, akainuka, akaingia ndani, akatoka tena. Mkewe, Nyota, alikuwa akitwanga ndizi za lituma. Alimtazama, akaendelea kutwanga. Ugonjwa huo aliujua, na dawa yake aliijua.

Dawa ilikuwa chumba cha nyuma, kile alichokuwa akilala mtoto wao Abdulhamid kabla hajahamia Bunia. Humo mlikuwa na magunia ya lene, zile nyuzi za kufumia, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka yameziba dirisha.

Hamadi alikuwa fundi wa injini kwenye mabato, zile meli za mizigo zinazopanda mto kutoka Kinshasa. Kiangazi kimoja mto ulipungua, bato lao likakwama kwenye fungu la mchanga karibu na Bumba, na majuma yakapita hawaendi mbele wala nyuma. Injini imezimwa, fundi hana la kufanya. Mchuuzi mmoja aitwaye Chantal alikuwa akikaa juu ya mizigo yake akifuma kwa kroshe, ile sindano fupi yenye ncha ya kulabu, na Hamadi, kwa kuchoka kutazama maji, akamwomba amfundishe. Mabaharia wenzake walimcheka sana. Baridi ya alfajiri ya mtoni ilipowapiga masikio, kila mmoja wao alimjia kwa zamu yake kuomba kofia. Tangu hapo hakushuka bandari yoyote bila kurudi na lene mkononi. Mgongo ulipomlazimisha kuacha injini, alishuka bato kwa mara ya mwisho na sanduku moja la nguo na magunia ya lene ambayo wapagazi waliyabeba wakiuliza kama ni pamba ya kuuza.

Juma lile Nyota alikuwa na habari. Mdogo wake Karima alikuwa anakuja kutoka Ubundu kukaa nao, ajaribu kuuza samaki wa moshi hapa mjini.

"Papa Abdulhamid," alisema, "ile chumba iko ya watu ao iko ya lene?"

Hamadi akasema atapunguza. Nyota akamjibu kwamba lene haipungui kwa kutazamwa. Achague kitu kikubwa aanze leo, na kama ni kitu kikubwa, yeye ameshakichagua: tandiko la kitanda chao, lenye maua, kama lile ambalo Hamadi aliwafumia watu baki wawili watatu lakini kitanda chake mwenyewe hajakifumia hata pembe.

Basi Hamadi akayamwaga magunia. Madonge yalijaa kitandani, yakajaa sakafuni, mengine yakabingirika mpaka chini ya kabati. Alianza tandiko kwa lene nyekundu ya Mbandaka. Ua la kwanza likatoka zuri, la pili pia, la tatu akalitazama akaona kama anafuma nyama ya buchani. Akafumua. Asubuhi akaanza kofia za Idi, kwa kuwa wazee wa msikitini walikuwa wamemuulizia. Kofia hazili lene nyingi, akafumua. Akaanza mkoba wa Nyota wa kwendea sokoni, akafika nusu, akaufumua huku Nyota akimwona, jambo ambalo halikusaidia. Usiku huo mume na mke walilala kwenye kingo za kitanda chao, madonge yaliyokosa nafasi kule nyuma yakiwa yamechukua katikati.

Tatizo lake hakulisema kwa mtu. Kila donge aliloshika lilikuwa na mahali pake. Ile ya buluu ilikuwa ya Lisala, ya siku alipopata habari huko kwamba Abdulhamid amezaliwa. Ile ya kijani alipewa na mpishi wa bato aliyestaafu kabla yake. Kuitia buluu ya Lisala kwenye kofia ya mtu mmoja, akaivaa akaenda nayo Buta asirudi, ilimuuma. Lakini kuiacha kwenye gunia iliwe na panya, hilo nalo halikuwa jibu, na alijua.

Jumapili Constant alipita kumchukua. Constant alikuwa nahodha wa bato lao zamani, mtu wa Isangi, na siku hizi alikuwa mwamuzi wa mechi za mtaani, kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alimwambia Hamadi aache kukaa na madonge kama kuku anayeatamia, waende wakaone wasichana wa mtaa wao wakicheza mpira na wale wa mtaa wa Tshopo.

Golini kwa upande wa Mangobo alisimama Merdi, binti wa jirani, msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa kwa lene ya zambarau ambayo Hamadi aliitambua mara moja, maana mwezi uliopita aliitafuta gunia zima asiione. Mchezo ulikuwa mzuri mpaka karibu na mwisho. Msichana wa Tshopo akapiga shuti kali, Merdi akaruka, mpira ukapita karibu kabisa na mlingoti na kwenda kusimama kwenye majani. Tshopo wakashangilia. Mangobo wakakataa. Constant aliulizwa aliona nini, na alichoona ni vumbi. Watu wakaingia uwanjani, kila mmoja na ushahidi wake, wengine walikuwa wanatoka kununua mkate lakini nao waliona. Mechi ikafia hapo hapo.

Wakati wa kurudi Merdi alitembea na wazee wale wawili, glavu mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Tonton Hamadi, balo ilipita inje," alisema. "Mimi nilikuwa pale. Nani atajua kuliko mimi?"

Hamadi akamuuliza kwa nini goli halina wavu. Merdi akasema wavu ulikuwepo, mtu akauchukua usiku akafungia kuku wake, na mpya hakuna wa kununua. Toka hapo Hamadi alitembea akihesabu kwa vidole, uso ameukunja. Constant alidhani mgongo unamuuma.

Wala hakuwa akiuwaza mgongo. Aliingia chumba cha nyuma, akasimama katikati ya madonge, na kwa mara ya kwanza juma lile hakuona haja ya kuchagua donge moja na kuacha jingine. Wavu wa goli utayala yote. Akatoka akamwambia Nyota.

Nyota alikuwa amekaa na sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, magotini. Alitafuna kwanza.

"Bon," alisema. "Miaka yote mimi nangojea tandiko, na goli njo inapata."

Hamadi akakaa karibu naye. Akamweleza kwamba tandiko moja, hata likiwa la maua, litakula gunia moja tu, na Karima atalala sebuleni na magunia yaliyobaki yakimtazama. Akamweleza jinsi atakavyosokota nyuzi nyingi pamoja zipate nguvu. Kisha, kwa kuwa Nyota bado alikuwa anamsikiliza, akamweleza habari ya Lisala, ambayo hakuwahi kumwambia: kwamba siku ile alikimbia kutoka posta mpaka sokoni, akanunua kitu cha kwanza alichokiona, kwa sababu mikono ilitaka kubeba mtoto na hakujua aishikishe nini. Nyota aliiweka sahani chini. Alisema siku zote alidhani ile buluu ilinunuliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mwishowe Nyota akatoa sharti moja, gunia la lene nyeupe ya pamba liachwe, lisiguswe, ni la tandiko la kitanda. Hamadi akakubali haraka sana, Nyota akajua angeweza kuomba na pikipiki akapewa.

Kroshe zake zote zilikuwa ndogo kwa kamba nene namna ile. Alichukua mpini wa jembe lililovunjika, akauchonga kwa kisu, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini, na ncha yake akaipa kulabu inayoingia kidole. Barazani hapakutosha, akahamia uani. Wasichana wa timu wakawa wanakuja baada ya mazoezi, wawili wanashika nyuzi huku na huku, mmoja anasokota, wengine wanapiga soga na kuchanganya rangi wanavyotaka. Mwanzoni Hamadi alijaribu kuwapangia: nyekundu kando ya kijani, njano mwisho. Siku ya pili akaacha. Kamba ilimjia mikononi na rangi ambazo hangeziweka pamoja hata kwa kulipwa, na alipoinua kichwa kutazama, zilipendeza.

Wapita njia waliuliza atavua samaki gani kwa wavu wa rangi vile. Hamadi aliwajibu kuwa ni samaki wa ngozi, mviringo, hana mifupa, na wengine walikwenda zao wakiwa wanafikiri.

Buluu ya Lisala aliiacha mpaka mstari wa juu, ule unaofungwa kwenye mti wa goli. Aliisokota mwenyewe bila msaidizi.

Karima alifika wavu ukiwa haujaisha. Alivuka kutoka ng'ambo ya mto na makapu yake ya samaki, akakuta chumba kina kitanda, dirisha linaloonekana, na gunia moja tu lililobaki pembeni, lile la pamba nyeupe, akalifanya mto wa kulalia. Alipoambiwa yaliyokuwa humo yamekwenda wapi, alitoka uani, akatazama, akarudi akamuuliza dada yake kwa sauti ya chini kama shemeji ana afya.

Mechi ya marudiano ilikuja na watu wengi kuliko ilivyozoeleka, kwa kuwa habari ya wavu ilikuwa imevuka mitaa. Uliwambwa kwenye goli la upande wa sokoni, ukakazwa vizuri pande zote, na ulipopigwa na jua hata Tshopo walikuja kuugusa. Hamadi alisimama nyuma ya goli na Nyota na Karima. Alivaa shati la Idi.

Merdi alianza upande huo. Dakika chache tu, msichana yule yule wa Tshopo akapiga tena. Mpira ukampita Merdi, ukaingia ndani ya wavu, na lene, kama kawaida ya lene, ikavutika nyuma kama kitambaa cha kubebea mtoto, ikasimama, kisha ikaurudisha mpira kwa nguvu zote. Ukampiga Merdi mgongoni, ukaruka mpaka karibu na katikati ya uwanja. Mangobo wakaendelea kucheza. Tshopo wakasimama na mikono juu. Constant alikuwa ameinama wakati huo akifunga kamba ya kiatu.

Kelele zikaanza upya. Hamadi akautazama wavu. Kazi yote ile, na wavu wake umeleta ugomvi mbaya kuliko wa kwanza. Wenzake Merdi walikuwa wanaapa kwamba mpira uligonga mlingoti. Ndipo Merdi akatoka golini, akaenda mpaka kwa Constant, akajipangusa vumbi.

"Arbitre, iliingia," alisema. "Wavu ya tonton njo ilinitupia balo mugongoni."

Kicheko kikaanza kwa Tshopo na kuzunguka uwanja mzima, na Merdi mwenyewe akashindwa kujizuia. Constant akaonyesha katikati ya uwanja, ni goli. Nahodha wa Tshopo, akirudi upande wake, alisikika akiwaambia wenzake kwamba basi, kama huyu hasemi uongo, ile ya Jumapili huenda kweli ilipita nje.

Mapumziko yalipofika Hamadi akaingia golini akiwa na Nyota na Karima, wakalegeza kamba, wakaushusha wavu ukae kama mfuko, na chini wakauzuia kwa mawe. Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande. Sasa goli la lene lilikuwa la Tshopo, na Mangobo ndio waliolishambulia. Mpira wa kona ukaja, ukagonga kichwa, ukagonga goti, hakuna aliyejua goti la nani, ukaingia. Safari hii ulizama kwenye rangi na kutulia humo, na hakuna mtu uwanjani aliyekuwa na ushahidi tofauti. Mechi iliisha sare, na kila upande ulikwenda kumpa Hamadi mkono.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mto. Wavu ule haukupaswa kunyeshewa, lene ikilowa huwa nzito kama mzoga wa ng'ombe, kwa hiyo wakaufungua haraka, timu mbili pamoja, wakauinua mabegani kwa msururu mrefu na kuingia nao Mangobo. Waendesha pikipiki walipisha. Akina mama walitoka milangoni kuuliza ni arusi ya nani. Merdi alikuwa mbele, Constant katikati akipiga filimbi, Nyota na Karima walishika mkia.

Nyumbani waliutandaza sebuleni, ukafunika viti, meza na redio, pakawa hapana pa mtu kukaa wala kupita. Nyota alisimama mlangoni akautazama muda mrefu. Alisema buluu ile inapendeza, akaenda kupakua lituma, na mvua ilipoanza wote walikula barazani wamebanana ukutani, sahani zikipita kutoka mkono hadi mkono.