Mdundo Kwenye Ubao wa Chelo

Nzisa alimwona mama yake okestra ikiwa katikati ya kipande cha Baroki, muziki wa kale wa Ulaya, na upinde wa chelo yake, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini, nusura umtoke mkononi. Mama huyo, Syokau, alikuwa amesema angeshinda sokoni Malili akiuza maembe. Kumbe huyo hapo, benchi la mbele, kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa kichwani, akitabasamu kwa meno yote.

Hofu ilimshika Nzisa palepale. Wenzake kumi na mmoja waliendelea kuzikimbiza nyuzi, na waumini wa Matiliku wakasikiliza kwa adabu ya watu walioahidiwa chai baadaye.

Kosa lilikuwa lake. Kipande cha mwisho kilitungwa na kiongozi wao, Muturi, ambaye aliwahi kumrekodi bibi mmoja kule Mwingi akipiga ngoma. Akaupenda ule mdundo, akaupa chelo: upigwe kwa vidole na kiganja juu ya ubao. Muturi wa Nyeri angejua nini? Lakini Nzisa alijua tangu mazoezi ya kwanza kwamba ule ni mdundo wa kilumi, ngoma ya kwao ya kuita pepo, na akanyamaza. Ndiyo sehemu pekee ambayo chelo ilisikika peke yake, naye aliitaka kufa na kupona.

Syokau alicheza kilumi kabla ya kuokoka. Nzisa akiwa na miaka saba, chifu alivamia ngoma mama akiwa tayari amepandisha pepo, wapigaji wakatoroka bila kuupunguza mdundo taratibu ili kumrudisha. Siku tatu nzima mama alimtazama Nzisa kama mgeni, akimwuliza ametumwa na nani.

Kikaja kipande cha Kiromantiki, kirefu, cha huzuni, na kina mama kadhaa wakafuta macho. Nzisa aliomba kisiishe. Kikaisha.

Zamu yake ilipofika alipiga kwa ncha za vidole, kwa kunyata, kama mwizi. Haikusaidia. Kwenye mpigo wa nne mabega ya mama yakashtuka. Kitambaa kikaanguka. Syokau akasimama, macho yamegeuka meupe, akitoa sauti nzito isiyokuwa yake.

"Ni pepo!" mtu akapiga kelele, na mabenchi yakaanza kuanguka.

Muturi akashusha mikono. "Nzisa, wacha! Stop!"

"Nyamazisha hiyo kitu!" Pasta Mwau akafoka. "Kwa nyumba ya Mungu! Kumbe hata wewe unajua hizi vitu?"

Nzisa akiacha, atabaki msichana mwema wa kanisa mwenye mama asiyemjua. Hakuacha. Alikaza kiganja, akaufuata mdundo mpaka ukaenda sawa na mabega ya mama, kisha akaanza kuupunguza, mpigo kwa mpigo, kazi ambayo wale wapigaji waliikimbia. Machozi yalimdondokea ubaoni. Hakuthubutu kutazama mlangoni, ambako viatu vilikuwa vikigombania kutoka.

Mabega yakatulia. Syokau akaketi, akapangusa jasho, akaokota kitambaa chake. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Nzisa," akasema, "mbona watu wote wameenda?"