Upepo wa Pikapu Mbili

Kila jioni, kabla geti la kiwanda cha magodoro halijafungwa, mkuu wa stoo alitumbukiza fimbo kwenye tangi la kila gari, akaitoa, akaangalia imelowa hadi wapi. Fimbo yenyewe ilikuwa mpini wa ufagio uliochongwa. Geji za kwenye dashibodi hakuziamini. Fimbo, alisema, haina shemeji.

Kati ya magari aliyoyapima zilikuwamo pikapu mbili nyeupe za mtu na mkewe, zilizonunuliwa siku moja kwenye mnada mmoja. Mume aliitwa Honi, kwa kuwa alipiga honi hata barabara ikiwa tupu. Mke hakuwa na jina la utani bado.

Msimu ule mkuu wa stoo alitangaza kwamba dereva atakayetumia mafuta kidogo kuliko wenzake ndiye atakayepewa njia ndefu, ile ya kupeleka magodoro mji wa milimani kila Jumamosi. Madereva wengine waliziogopa kona zake. Lakini huko ndiko binti pekee wa Honi na mkewe alikosoma, bweni, na Jumamosi mzazi aliruhusiwa kukaa naye kwenye benchi la bustani mpaka kengele ya saa kumi. Kwa basi ilikuwa safari ya kulala njiani, kwa hiyo tangu mtoto aanze shule walimwona wakati wa likizo tu. Wote wawili waliitaka njia ndefu. Hawakulizungumza hilo. Walipeana chumvi mezani kama kawaida.

Mke alianza kwa kutafuta upepo unagonga wapi. Alimwomba mama mkwe masalio ya sufu ya sweta alilokuwa akimfumia mjukuu, akakata nyuzi fupi, akazibandika kwenye pikapu nzima kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Kisha akaendesha kwenda na kurudi katika barabara iliyo nyuma ya kiwanda, mama mkwe amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, anaangalia.

"Za kwenye boneti zimelala," mama mkwe aliripoti. "Za huko juu zinahangaika. Za nyuma, mkwe wangu, ni ugomvi mtupu."

"Gari limeota manyoya," Honi alisema. "Ukimaliza ulifundishe kutaga, Injinia."

Jina likamganda.

Injinia aliondoa keria ya juu. Alitengeneza kifuniko cha plaiwudi na bati, kikateremka taratibu kutoka kwenye kabini hadi ukingo wa mlango wa nyuma, ili magodoro yalale chini yake badala ya kusimama kama mwavuli uliofunguliwa. Chini ya injini alifunga bati bapa, chini ya bampa akaning'iniza mkanda wa mpira, na kwenye rimu akafunga mifuniko ya masufuria. Baada ya kila kazi alirudi barabarani na nyuzi zake. Siku alipokaza skrubu ya mwisho, nyuzi zote zilitulia. Hazikulala tu, bali zilining'inia wima gari likiwa mbioni, kama nyuzi zilizofungiwa kabatini.

"Upepo umeondoka," mama mkwe alisema, akabeba kiti chake.

Ulikuwa umekwenda kwa Honi. Mchana uleule alikuwa ameketi uani anakunywa chai, shati likamvimba mgongoni na chai ikapoa kabla ya kufika mdomoni. Majani ya mti wa jirani hayakutikisika. Tangu hapo upepo ulimpiga kifuani kila alipokwenda, nje na ndani, na ulizidi mkewe alipokuwa barabarani. Alitembea ameinama mbele. Mezani walilaza kisu juu ya kitambaa ili kisiruke.

"Funga dirisha, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Limefungwa, mama."

"Basi vaa kitu kizito."

Honi hakulalamikia upepo. Alichoshindwa kukivumilia ni fimbo. Ilipotoka kwenye tangi la mkewe ilikuwa imelowa karibu na mkono wa mkuu wa stoo. Ilipotoka kwenye lake ilikuwa imelowa ncha. Alichukia jinsi mlinzi wa kiwanda alivyoisogelea pikapu ya mkewe na kuipapasa. Alichukia wimbo ambao mkewe aliuimba kwa sauti ya chini akifuta kioo, ingawa zamani yeye mwenyewe aliupenda. Zaidi ya yote aliona akilini benchi la bustani, binti yake amelaza kichwa begani kwa mama, akisimulia mambo ambayo baba angekuja kuyasikia mwisho, yakiwa yameshapoa.

"Na yako nitaitengeneza," Injinia alimwambia. "Bati limebaki."

"Gari langu halivai kofia."

Badala yake aling'oa mlango wa nyuma wa pikapu yake. Aliamini, kama walivyoamini madereva wote pale kiwandani, kwamba ukiacha nyuma wazi hewa inapita tu na gari linakuwa jepesi.

"Urudishe," Injinia alisema. "Ukiwa umefungwa, hewa inajizungusha mle nyuma, inakaa kama mto. Ile inayotoka juu inateleza juu yake. Niliona kwenye nyuzi."

"Nyuzi za bibi."

"Ndiyo, za bibi."

Hakuurudisha. Jioni fimbo yake ilitoka karibu kavu, na godoro moja la watu wawili lilionekana mara ya mwisho likivuka daraja peke yake.

Msimu ulipoisha, mkuu wa stoo aliwaita madereva ofisini. Alizikalia karatasi zake zisipeperuke, kwa kuwa Honi alikuwamo humo, akasema njia ndefu ni ya Injinia.

Walipofika nyumbani Honi alisimama mlangoni.

"Watu watasema nini? Mke anapanda milima, mume anazunguka mjini na vigodoro vya watoto."

"Watu gani?"

"Watu." Pazia lilikuwa limejaa kama puto. "Tubadilishane. Nipe gari lako na njia yako. Wewe una moyo mzuri, hutaumia."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye Injinia hakujua kama ni ya upepo. Aliamini kwamba mtu akipewa kile anachokionea wivu atapona. Akampa ufunguo na sweta la binti yao, ambalo bibi alikuwa amelimaliza.

"Mvalishe mwenyewe," alisema. "Umkumbatie mara mbili."

Mkuu wa stoo hakupinga. Yeye alipima magari, alisema, ya ndani ya nyumba hayana fimbo.

Lakini upepo haukuhama na magari. Injinia aliizungusha mjini ile pikapu isiyo na mlango wa nyuma, na nywele zake hazikuguswa, wala mafuta hayakushuka kwa kiasi cha kuonekana. Honi alipanda milima ndani ya gari laini kama sabuni, vioo vimefungwa, upepo ukimkandamiza kwenye kiti na injini ikiguna. Alifika shuleni kengele imeshalia. Jumamosi iliyofuata aliwahi kutoka, upepo nao ukaongezeka, kengele ikamtangulia tena. Mlinzi wa geti la shule alizoea kumwona, akawa anamwekea jiwe la kushikilia kofia.

"Hajambo?" Injinia aliuliza kila aliporudi.

"Hajambo. Amekua. Anakusalimu sana." Kisha, kabla ya kuketi, "Na wewe, fimbo imesemaje leo?"

Siku moja akisafisha magari Injinia alilikuta sweta chini ya kiti, limekunjwa vilevile alivyolikunja yeye. Alilifua na kulianika pamoja na nguo nyingine. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, macho yake hayafiki tena mpaka kwenye kamba.

"Limemtosha mjukuu wangu?"

"Limemtosha, mama."

Sweta lilipokauka alilikunja, akalirudisha chini ya kiti. Kwenye kamba magauni yalining'inia wima. Shati la Honi lilikuwa limenyooka mlalo hewani, likivuta kuelekea milimani, na Injinia akaliongezea vibanio.