Bustani ya Makopo

"Maua ni ya Mungu, Mama Joash. Hata wewe uliiba kwa Wazungu."

"Mimi nilienda kutazama, nikarudi nikafanya kazi. Wewe umemwambia karani kwamba ni mimi niliyekuiga. Hebu rudia hayo nikiwa hapa."

Eucabeth alisimama mlangoni mwa namba tisa, katika landhi ya reli, nyumba za wafanyakazi, mikono kiunoni.

Mwaka huo wa 1957 reli ilitafuta mwanamke wa kutunza bustani ya ukumbi wa wafanyakazi, na kazi ilikuja na chumba. Angechaguliwa yule ambaye bustani ya mlangoni pake ingeshinda zote za landhi. Mume wa Eucabeth alikuwa fundi wa boila. Hawakukosa pa kulala. Milcah, huyo Mama Joash wa namba kumi, alikuwa mjane. Mumewe Wamalwa, mfanyakazi wa reli, alizikwa Februari, na barua ilimtaka atoke landhi mwisho wa mwezi huu pamoja na watoto wake watatu.

Ndiyo maana hakufanya mchezo. Kila Alhamisi, alipompeleka mtoto wa Mzungu aliyemwajiri kucheza katika bustani ya mji, alipima vitanda vya maua kwa kamba ya katani, fundo moja kila hatua. Aliona mafupi yanavyotangulizwa, marefu yakakaa nyuma, na nyasi tupu zikaachwa katikati ili jicho lipate pa kupumzika. Kemboi, mtunza bustani, alimwonyesha kwamba maua ya mbele hayakupandwa ardhini hata kidogo. Yalikuwa ndani ya makopo yaliyofukiwa hadi mdomoni. Yakinyauka yanang'olewa na mengine yanaingia.

"Si uchawi, mama," alimwambia. "Ni kopo."

Milcah akaokota makopo ya mafuta ya kupikia landhi nzima, akapanda zinia. Eucabeth alipokuja kulia kwamba udongo wake ni mawe matupu, alimwazima makopo ishirini yenye maua, akayafukia mwenyewe mbele ya namba tisa, akimwonyesha kila moja likae wapi na kwa nini.

Na leo Masinde, karani, alikuwa namba tano na Bwana mkubwa wa landhi, wakija wakikagua bustani nyumba kwa nyumba. Kwenye karatasi yake alikuwa amekwisha kuandika kwamba namba kumi ameiga namba tisa.

"Nenda ukawaeleze," Eucabeth alisema. "Tuone watamsikiliza nani, mke wa fundi au mtu anayefunga virago."

Alicheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza ujirani.

Milcah alijua hawatamsikiliza. Chumba kilikuwa kimekwenda, na watoto wangekwenda nacho barabarani. Basi na huyu asikipate.

Akachuchumaa kwenye bustani ya Eucabeth, akazamisha vidole kwenye udongo, akavuta. Kopo likatoka na zinia zake, likaacha shimo la duara.

"Unafanya nini?"

"Natoa yangu. Mawe yako yatabaki hapo, Bwana ayaone vizuri."

"Mama Joash, tafadhali. Tuongee."

"Ongea. Mikono yangu haina masikio."

Ya kwanza aliyapanga kando kwa uangalifu. Masinde na Bwana walipofika namba saba aliacha kupanga, akawa anayarusha juu ya uzio, upande wake, udongo ukimwagika na mashina yakivunjika. Eucabeth alimshika mkono, Milcah akautikisa ukatoka. Walipofika namba nane, Milcah aling'oa kopo la ishirini, akalirusha, akajifuta udongo kwenye leso na kumpisha Masinde, aliyekuwa sasa amefika mlangoni mwa namba tisa.