Alama ya Mkate Chini ya Mtakatifu Ana

Tangu mhubiri mpya afike mjini, hakuna aliyempigia kelele za kumuunga mkono kama Gebhart mwokaji. Mhubiri akisema sanamu ni miti mitupu, Gebhart huitikia kwa sauti mpaka wanawake wanageuka kumtazama. Na sanamu nzuri kupita zote mle kanisani aliitoa sadaka yeye mwenyewe.

Ilikuwa ya Mtakatifu Ana amempakata bintiye Maria angali mdogo. Gebhart na mkewe Apolonia waliitoa mwaka ule homa ilipomchukua binti yao wa pekee, Verena. Jos mchongaji alikuwa amesomea kazi kwa mafundi wa ng'ambo ya milima, wale wanaochonga watu kama walivyo, basi Maria yule akampa uso wa Verena: sikio la kushoto limechomoza, na mdomo unaotaka kucheka. Tangu siku hiyo Apolonia alikuwa anakwenda kanisani kumtazama mwanawe, na sala zikawa baadaye.

Baraza la mji likaamua sanamu zote zishushwe. Aliyetoa yake aje Jumamosi aichukue, mradi alama ya nyumba yake ionekane chini yake. Zisizo na alama zitakuwa kuni za bafu la mji. Chini ya miguu ya Ana palichorwa mkate uliosokotwa, mwekundu juu ya dhahabu.

"Jumamosi tunakwenda kumchukua," Apolonia alisema.

"Kumchukua nani? Ule ni mti."

"Haya, nitachukua mti wangu."

"Mama Verena, watanicheka! Jana tu nimewaambia waziteketeze zote. Leo nipite barabarani nimebeba sanamu?"

"Kwani nani alikutuma kusema?"

Gebhart akarudia kukanda unga wake. Mtu mwenye haya mimi humhurumia, lakini haya zake zilikuwa za kuogopa majirani tu, na hizo humfanya mtu mwizi. Chama cha waokaji kilikuwa na ufunguo wa mlango wa pembeni wa kanisa. Ijumaa jioni akaingia na kisu cha kukatia unga, akaikwangua ile alama mpaka mti ukabaki mweupe. Alijua karani hataweza kuwapa sanamu isiyo na alama, na mambo yataisha kimya kimya.

Jumamosi asubuhi Apolonia akaona chembe nyekundu ndani ya donge la unga ambalo mumewe alikuwa amelikanda. Akaitoa kwa ukucha, akadhani ni tofali la tanuri limemomonyoka. Akajifunga ushungi, akaenda kanisani.

Burkart, karani wa baraza, alikuwa amekaa mbele ya madhabahu. Zamu ya Apolonia ikafika.

"Huyu wetu," akasema. "Chini ya miguu kuna mkate uliosokotwa."

Sanamu ikalazwa ubavu. Burkart akainama, akapapasa.

"Mama, hapa hapana mkate wala makombo."

Watu wakaangua kicheko. "Mwokaji!" mmoja akapaza sauti. "Mkeo umemnyima kuni mpaka aje kuomba hapa?"

Gebhart alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Wote wakamgeukia. Burkart naye akamwuliza, tena kwa upole, "Gebhart, mkeo anasema ni yenu. Unaijua hii?"

Neno moja tu lingetosha. Gebhart akautazama ule uso mdogo, akawatazama majirani.

"Siijui," akasema.

Kicheko kikakatika. Hapakuwa na mtu mle ndani asiyemjua Verena, wala asiyejua nani alimtolea sanamu ile. Hata yule aliyedhihaki akainamisha kichwa. Tuliona aibu sisi, kwa niaba yake.

Apolonia akautazama mti uliokwanguliwa. Pembeni palikuwa pamesalia uzi mwembamba wa rangi nyekundu. Akaikumbuka ile chembe. Akaenda mpaka kwenye nguzo, akamshika mumewe mkono, akamvuta mbele ya karani kama mama anayemvuta mtoto mtundu. Njia ya mwongo fupi: kucha za Gebhart zilikuwa na rangi nyekundu na dhahabu mpaka kwenye nyama.

"Alama yetu hii hapa," akasema.

Burkart aliutazama ule mkono, kisha akaangalia pembeni. "Mchukueni," akasema taratibu.

"Mbebe," Apolonia akamwambia mumewe.

Akambeba kifuani, shavu la mtoto limemgusa shingoni, akapita barabara nzima ya soko. Kicheko alichokiogopa hakikuwapo. Watu walimpisha tu, wakageuza nyuso, na nadhani angetoa tanuri lake ili mmoja wetu amcheke. Alikuwa analia bila sauti.

Mlangoni kwao akataka kuingia naye. Apolonia akasimama kizingitini, akanyoosha mikono.

"Nipe mwanangu," akasema. "Wewe humjui."