Kigae cha Mwisho cha Shemeji Gundi

Mimi ghala langu la makumbusho halichezewi. Anayeingia na chai, nje. Anayeingia na biskuti, nje yeye na biskuti yake. Chembe ikidondoka inaita panya, panya anatafuna vibandiko, na kigae cha kale kisicho na kibandiko hakina tofauti na kokoto ya barabarani, maana hujui tena kilichimbwa wapi. Hata bosi nimeshamfukuza na kikombe chake, akaenda kunywea koridoni.

Basi siku nilipomkuta shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ameshika msasa, moyo ulinilipuka paa!

Shemeji ndiye fundi wetu wa kuunga vyombo vilivyochimbuliwa. Tunamwita Gundi, ingawa nyumbani kwake hakuna kinachoungwa: bakuli la sukari la dada, zawadi ya harusi, lina miaka juu ya kabati likiwa nusu mbili, na yeye ni "nitaliunga kesho." Wiki ile alikuwa anastaafu. Mtungi uliokuwa mbele yake, umesimikwa kwenye sinia la mchanga usiyumbe gundi ikikauka, ndio uliokuwa wa mwisho, na kabati la kioo lilikuwa linausubiri kwenye ukumbi mpya. Dada alishaalika ukoo mzima kuja kuuona siku ya ufunguzi. Nguo alishashona.

"Shemeji, huo msasa wa nini?"

"Wa meza."

"Meza ya chuma?"

Akachukua kigae kimoja, akakisogeza kwenye pengo la mdomo wa mtungi. Hakiingii. Akakigeuza. Wapi! Nikaelewa, na nikajikaza nisicheke. Ndilo kosa la mafundi hawa peke yao: ukiunga hiki kabla ya kile, pengo linabana, na kigae cha mwisho kinabaki mkononi kama mgeni aliyefungiwa mlango. Kila anayeanza kazi huonywa hivyo, na anayewaonya ni Gundi mwenyewe.

"Nikwangue ukingo kidogo tu, shemeji. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua."

"Nikiufumua hautawahi ufunguzi. Nitaondoka kazini nimeacha kabati tupu. Maisha yangu yote hapa, halafu kabati tupu!"

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Macho yalishamwiva. Lakini chombo cha kale ukishakikwangua umekikwangua, hakuna duka linalouza ukingo mwingine. Na gundi yetu ni ya kuyeyuka makusudi, ili aliyekosea aweze kurudi nyuma. Nikamnyang'anya msasa.

"Fumua."

"Na dada yako nani atamwambia?"

"Wewe."

"Wewe ni damu yake, hatakuua."

Nikampigia. Hakuniua, ila simu ilibidi niitoe sikioni. "Wakwe zangu niwaonyeshe nini sasa?" alifoka. "Mchanga?"

Hapo ndipo wazo likanijia. "Ndiyo, dada," nikasema. "Mchanga."

Siku ya ufunguzi kabati la kioo likabaki tupu, na sinia la mchanga likawekwa katikati ya ukumbi. Gundi akakaa nyuma yake, mtungi umeshafumuliwa shingo, anaunga kigae kimoja kimoja mbele za watu. Wageni waliziacha shanga na mikuki kwenye vioo wakaja kumzunguka yeye. Bosi, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, akaanza kuwaeleza kwamba wazo lilikuwa la ofisi. Haya.

Dada alisimama mbele kabisa, nguo mpya, mdomo kaubetua. Kilipobaki kigae kimoja, Gundi akamtazama.

"Njoo ukiweke."

"Mimi? Nikikivunja je?"

"Mimi nimeshakuvunjia vingapi nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapasua katikati yao. "Pete vua, bangili vua, na mikono kanawe kwanza!" Akanisonya, lakini akaenda.

Kigae kikaingia taratibu, bila kusukumwa. Machozi yakamtoka dada, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na gundi. Watu wakapiga makofi. Gundi alibaki na mikono juu ya mchanga, hajui aipeleke wapi.

"Sasa nitafanya nini, shemeji?" akaninong'oneza, na sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Dada alimsikia. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kilichofungwa, akakifungulia palepale mezani. Bakuli la sukari, nusu mbili.

"Ile kesho yako," akasema, "ndiyo leo."

Gundi akacheka hadi mabega yakatikisika, kisha akavuta kiti karibu. Bakuli lilikuwa bado limegandiwa na sukari pembeni. Niliiona vizuri sana. Kwa siku hiyo tu, sikusema kitu.